Kabla hujajaza haki jinai, nenda kwanza ukakae mahakamani

Tangu matokeo ya fomu siksi yatoke simu yangu haitulii, wadogo zangu wa Kigoma, kuanzia Mwanga, Ujiji mpaka Kasulu huko wananiuliza dada, ile sheria uliyosoma inalipa? Na wengine wanataka kujaza haki jinai kabisa, mambo ya upelelezi, wanadhani ni kukimbizana na majambazi kama kwenye muvi. Siwacheki, mimi mwenyewe niliingia hivyohivyo.

Nilisoma sheria chuo cha serikali, na jinai unaikuta humohumo ndani: Kanuni ya Adhabu (sheria inayotaja makosa na adhabu zake), ushahidi, mwenendo wa makosa ya jinai. Miaka minne kwa boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, na boom likichelewa ni pasi ndefu tu, unaruka mlo, hakuna namna.

Ila kilichonifungua macho ni field, mafunzo kwa vitendo. Nilirudi nyumbani Kigoma, nikapewa faili la wizi wa dagaa kule Kibirizi, nikalisoma na mimi najiona mwanasheria. Maelezo ya mlalamikaji yanasema magunia matatu, hati ya kukamata mali inasema mawili, na tarehe imefutwafutwa ikaandikwa juu yake kwa peni nyingine. Siku ya kesi mama mwenye mali anaulizwa, dagaa wako unawatambuaje? Akajibu, sasa mheshimiwa, dagaa si dagaa tu? Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mapema kama magunia yake yalikuwa na alama, na kumbe yalikuwa nayo, alishonea uzi mwekundu mdomoni, aliniambia tukiwa nje wakati mshtakiwa ameshaachiwa anaenda zake.

Uzi mwekundu! Mstari mmoja tu kwenye maelezo ungetosha. Kwa hiyo mtu akiniuliza haki jinai ni nini namwambia ni kuandika, kama hupendi kukaa na karatasi ukahakiki tarehe, idadi, nani alikabidhi kielelezo, ile mali ya ushahidi, kwa nani, utateseka. Na andika lugha zote mbili, chuo ni Kiingereza ila tangu sheria ibadilishwe 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, nimeona watu na GPA zao nzuri wanashindwa kusema "burden of proof", yaani jukumu la kuthibitisha, kwa Kiswahili. Kiha nacho usikidharau, mzee wa kijijini hafunguki kwa mtu asiyejua hata salamu ya mwakeye.

Kazi sasa. Ukitaka uwakili lazima upite Law School pale Dar, na pale si lelemama, mnakumbuka 2022 walifaulu moja kwa moja 26 kati ya 633 mpaka serikali ikaunda kamati. Polisi na magereza digrii haikuondolei kwata, depo, kambi ya mafunzo, utaenda tu. Kuna TAKUKURU, kuna Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, kuna ustawi wa jamii kwa wenye moyo wa kushughulika na watoto waliokinzana na sheria. Na kuna hii ambayo watu hawaijui, uangalizi, wale maofisa wanaosimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, wanafagia hospitali, wanapanda miti. Mimi naipenda kuliko zote. Na kama pointi hazitoshi digrii, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina cheti na diploma ya sheria, usione aibu kuanzia hapo.

Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi serikalini, usiisubiri umekunja mikono. Mimi nilikaa miaka miwili, nikawa nauza mitumba Mwanga na mchana nasaidia kituo cha msaada wa kisheria, hela hakuna ila siku ya intavyuu nilikuwa na vya kusimulia.

Kabla ya kujaza maombi nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kwenu, kesi nyingi zinasikilizwa wazi na hakuna kiingilio, kaa benchi la nyuma asubuhi za siku tatu tu hivi usikilize. Simu uzime lakini, yangu iliita singeli katikati ya shahidi na hakimu akaniuliza kama nataka kutoa ushahidi mimi.