Maswali ya Wasomaji: Blanketi za viraka, familia na maisha ya mlimani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaoishi juu milimani wanaoshona zile blanketi za viraka za matabaka matatu, wengine mnaita kwilti, na wengi hamkuuliza hata mshono wenyewe bali mnauliza mtu anashonaje akiwa na watoto, wakwe, mifugo na ukungu mlangoni. Nimechagua chache, zingine zimefupishwa.

Shangazi shikamoo. Nina watoto watatu na tunaishi mlimani pamoja na wazazi wa mume wangu. Napenda sana kushona blanketi za viraka lakini muda sina kabisa, asubuhi maji, mifugo, shamba, watoto waende shule, jioni jikoni, nikija kukaa kwenye cherehani ni usiku watu wamelala na taa yenyewe hafifu, macho yanauma na mshono unaenda upande. Mama mkwe anasema nakata vitambaa vizima nivifanye viraka, nipoteze muda tu. Blanketi nililoanza kipindi cha baridi kilichopita bado ni vipande. Nifanye nini? — Mke wa mlimani

Marahaba mwanangu. Mi naona shida yako kubwa sio muda, ni kwamba kushona umekupa yale masaa ambayo hakuna mtu macho. Hebu fikiria mama mkwe anaona nini. Anaona kitambaa kimekatwa, anaona wewe asubuhi umechoka, blanketi halioni, na kazi yenyewe hajawahi kukuona ukiifanya manake alikuwa amelala. Hata mimi ningekuwa yeye ningeuliza. Kwa hiyo kitu cha kwanza toa hiyo kazi gizani ilete mchana, hata kama ni nusu saa tu ukungu ukishapanda, weka kiti karibu na mlango au dirisha ambapo mwanga unaingia na ushone watu wakikuona. Rangi nazo zinataka mwanga wa mchana, bluu iliyoiva na nyeusi usiku ni kitu kimoja alafu asubuhi unakuta umeziweka vibaya unaanza kufumua.

Na huo mshono unaoenda upande usiuone mdogo. Kwenye kazi hii tunaacha robo inchi ya pindo, kama milimita 6 hivi, na watu wengi duniani wanafuata kipimo hichohicho. Ukikosea milimita 2 tu kwenye kila bloku, yani kile kipande cha mraba kilichoungwa kwa viraka, na mstari wako una bloku 12, mwisho wa mstari umepishana na mwenzake karibu sentimita 2 na nusu, hapo hata ukivuta vipi pembe hazikutani. Ndo maana blanketi linakaa vipande muda mrefu, sio uvivu, ni kwamba ukiwa umechoka unashona vitu ambavyo kesho havitaki kuungana na wewe unakata tamaa unaviweka pembeni.

Sasa gawanya kazi. Kuna kazi inayotaka meza, mwanga na akili iliyopumzika, yani kupima, kukata, na kuunga mistari mirefu kwa cherehani. Hiyo panga siku moja ambayo mtu mwingine anashika watoto. Na kuna kazi inayobebeka. Kata vipande vya bloku moja moja, vifunge pamoja, weka kwenye kamfuko na sindano ambazo tayari zina uzi, mkasi mdogo, basi. Ukienda kukaa na mbuzi huko mteremkoni unashona kwa mkono. Kama hujawahi, jaribu zile pembe sita za karatasi: unakata karatasi zote saizi moja, unakunjia kitambaa juu yake, unapiga bandi, alafu unaziunga ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo, karatasi unazitoa pole pole kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote. Hazitaki cherehani wala umeme, na mtu akikuita unaweka mfukoni unaondoka bila kupoteza kitu.

Nyumba nyingi za huku ni ndogo na kutandaza blanketi zima sakafuni kuna watoto watatu haiwezekani, kwa hiyo kamilisha kila bloku na matabaka yake yote, juu, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo, ishonee kabisa ndo uje kuunga bloku zilizokwisha. Bloku inakaa mapajani. Huhitaji fremu wala sakafu na hata ikichukua muda mrefu unakuwa na vitu vilivyokwisha vinavyoonekana, na huyo mama mkwe ataviona.

Kuhusu yeye, tafadhali usibishane nae kama ni sanaa au sio sanaa. Huku juu baridi ni jambo la kweli, kila mita 1000 ukipanda joto linashuka kwa wastani digrii 6 na nusu, kwa hiyo kijiji kilicho mita 2000 ni kama digrii 13 chini ya pwani, na blanketi la matabaka matatu linatunza joto kwa sababu linashika hewa katikati. Lile la kwanza likiisha mfunike yeye. Na kabla halijaisha muombe nguo zake za zamani zilizochakaa na muulize rangi gani ikae pembeni ya ipi, watu wazima wana jicho la rangi kuliko tunavyowapa sifa. Mume nae umwambie wazi, sio kwa kununa, mwambie nataka kazi moja ya asubuhi ihamie kwako au kwa mtoto mkubwa. Hujaandika kama umewahi kumwambia. Wengi hatusemi alafu tunaumia kwamba hawajui.

Shangazi, huku kwetu ukungu unaingia mpaka ndani, blanketi nililolitunza kwenye mfuko wa nailoni limetoka na madoa meusi na harufu. Nikalianika juani siku kadhaa, harufu imepungua ila rangi nyekundu imepauka. Nimeliharibu? — Msomaji wa juu kabisa

Pole sana ndugu yangu, na hapana, hujaliharibu, ila nailoni usirudie. Kitambaa kina unyevu wake hata ukikishika unakiona kikavu, ukikifunga kwenye nailoni huo unyevu hauna pa kwenda, na kuvu inachotaka ni unyevu na hewa iliyosimama. Funga kwenye shuka kuukuu la pamba lililofuliwa likakauka kabisa, liache lipumue. Lisiguse ukuta, lisiguse sakafu, na lisilale moja kwa moja kwenye mbao tupu maana mbao inaacha madoa ya kahawia baada ya miaka. Kila baada ya miezi michache lifungue ulikunje sehemu nyingine, ukikunja palepale kila mara nyuzi za kwenye kunjo zinakatika.

Hayo madoa meusi, subiri siku kavu, litoe nje mbali na watoto, ujifunge kitambaa puani na mdomoni, ulipanguse kwa brashi laini, alafu ndo ulioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Blichi acha kabisa, madoa yakibaki kidogo yaache, blichi inakula pamba.

Na jua. Watu wanadhani kwa vile huku kuna baridi basi jua ni dogo, ni kinyume chake, miale ile inayopausha rangi inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 unazopanda. Anika kivulini penye upepo, upande wa mgongo uwe nje. Hiyo nyekundu iliyopauka hairudi. Siku nyingine kabla ya kushona chukua kila kitambaa chenye rangi kali ukiloweshe, ukikandamize na kitambaa cheupe, kikitoa rangi kioshe mpaka kiache kutoa, kisipoacha kutoa usikitumie.

Shangazi, baba yetu ametutoka. Mama amebaki na mashati yake na hataki kuyagawa wala kuyaangalia. Nafikiria kumshonea blanketi la mashati hayo lakini naogopa nitamuumiza, na naogopa mkasi pia. — Binti wa mwisho

Poleni sana mwanangu, na pole kwa mama. Nimesoma barua yako mara mbili.

Kuna mama mmoja wa kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, aliitwa Missouri Pettway, mume wake alifariki na mwaka 1942 akachukua nguo zake za kazi, zile zilizochanika na kupauka shambani, akazishona blanketi ili amkumbuke na ajifunike nalo. Liko mpaka leo na limeonyeshwa kwenye makumbusho makubwa, na ukiliangalia unaona kabisa sehemu zilizopauka na zilizobaki na rangi yake, hakuzificha. Nakuambia hili kwa sababu alifanya mwenyewe, kwa hiari yake. Mama yako nae lazima aamue mwenyewe. Usimfanyie sapraizi kwenye hili, hata kama kila mtu anakuambia atafurahi. Muulize, na akisema bado, yafunge vizuri yasubiri, mashati hayaozi kwa kusubiri.

Akikubali, kabla ya mkasi piga picha kila shati, na muache achague moja au mawili ambayo hayakatwi kamwe. Shati kubwa linatoa kitambaa kizuri mgongoni, ndo sehemu pana na haijachakaa sana, viwiko na kola mara nyingi vimelika kwa hiyo kata mbali navyo. Ila mfuko wa kifuani uache mzima na vifungo vyake, ushone hivyohivyo kwenye bloku, mama ataweza kuingiza mkono. Fulana zinazovutika zinahitaji kubandikwa kwa pasi kile kitambaa chembamba chenye gundi upande wa nyuma kabla ya kukata, la sivyo zinavutika na bloku haikai mraba. Ukiogopa mkasi kata kwanza kitambaa kingine kwa kipimo hichohicho, shona bloku moja ya majaribio mpaka mkono utulie. Na mkae pamoja, wewe unakata yeye anapanga, kama ataweza.

Habari Shangazi, tuna kondoo wetu, naweza kutumia sufu yao katikati ya blanketi badala ya kununua pamba? — Baba kijana

Nimefurahi kuona akina baba mnaandika, na kaka usimsikilize anayekucheka. Unaweza, tena kwa mlimani sufu ni nzuri kuliko pamba manake ikishika unyevu bado inatunza joto, pamba ikilowa inakuwa baridi mwilini. Lakini ioshe kwanza mafuta yatoke, maji ya moto na sabuni, loweka tu bila kusugua wala kukoroga, ukisugua kwenye maji ya moto inagandamana inakuwa kitu kigumu. Maji ya kusuuza nayo yawe na joto lilelile. Ikikauka ichambue na ichane kwa mkono au kwa brashi za kuchania sufu mpaka ilale sawa. Ifunge kati ya vitambaa viwili vyembamba vya pamba ndo uweke ndani, usipofanya hivyo nyuzi zitatokeza nje juu ya blanketi. Mistari yako ya kushonea, ile inayopita matabaka yote matatu, iwe karibu karibu, inchi 2 usizidi sana, manake sufu ya nyumbani haijashikana kama ile ya dukani na ikifuliwa inakimbilia pembeni inaacha mashimo. Kufua ni kwa maji baridi, polepole.

Mtoto wangu wa miaka sita anataka kushona na mimi kila nikikaa, naogopa sindano. — Mama

Mpe sindano nene butu na kitambaa kinachopenyeka kirahisi, umchoree mstari afuate. Na kazi ya kupanga rangi mwachie yeye kabisa, usirekebishe akishalala. Mkasi wa kitambaa na pasi bado.

Shangazi, bibi aliacha blanketi moja alilolishona kwa mkono na sasa mimi na dada yangu tunagombana. Yeye anasema tulikate katikati kila mtu achukue lake. Mama yuko kimya. — Mjukuu

Msilikate! Mshono wa mkono ukikatwa katikati unaanza kufumuka kutoka pale, na matabaka yanaachia, baada ya muda mtakuwa na matambara mawili. Liwe linazunguka, mwaka kwako mwaka kwake, au likae kwa mama muda wote akiwa hai, na kwa kweli yeye ndo wa kuulizwa kwanza kuliko nyie wawili, ukimya wake mimi haunipi raha.

Alafu shoneni la pili. Wekeni karatasi nyembamba juu ya la bibi mchukue michoro yake kwa penseli, pimeni bloku zake, hesabuni ziko ngapi, muulizeni mama vitambaa vile vilitoka nguo za nani kabla hajasahau na muandike. Dada yako ashone nusu ya bloku na wewe nusu. Mkimaliza, kila moja ya hizo mbili mshonee nyuma pembeni kitambaa kidogo cheupe chenye jina la aliyeshona, mwaka na mahali, kwa uzi, au kwa kalamu ya wino usiotoka. La bibi kibandiko chake kishikizwe kwenye kitambaa cha mgongo tu, sindano isipenye mpaka juu.