Dakika 45 si 0.45: kuhesabu saa za kazi za wiki kabla ya kulipa

Kazi ya kuandaa mishahara ya watu wanaolipwa kwa saa niliipokea bila kufundishwa. Nilikabidhiwa rejista ya mahudhurio, kalkuleta na karatasi ya viwango vya malipo, nikaambiwa kila mwisho wa wiki watu wawe wamelipwa. Kujumlisha nilijua, nikaona inatosha.

Wiki ya sita akaja mezani kwangu mama mmoja wa usafi, ameshika kijidaftari. Humo alikuwa ameandika kwa penseli saa ya kuingia na saa ya kutoka, siku baada ya siku. Hakuja kwa ukali. "Mwanangu," aliniambia, "mimi si mtu wa hesabu, lakini naona kama kuna saa yangu imepotea. Hebu tuangalie wote."

Tukakaa. Ukitoa mapumziko, wiki ile alikuwa amefanya kazi 7:45, 8:20, 7:50, 8:40 na 7:35. Mimi kwenye kalkuleta niliingiza 7.45, 8.20, 7.50, 8.40 na 7.35, nikapata 38.90 na nikamlipa hizo. Yeye alijumlisha saa peke yake akapata 37, kisha dakika peke yake akapata 190, yaani saa 3 na dakika 10. Jumla yake ilikuwa saa 40 na dakika 10. Nilikuwa nimemkata saa 1 na dakika 16 kwa wiki moja tu. Kwa mwendo huo, wiki nne zingemla zaidi ya saa tano.

Saa ina dakika 60, lakini kalkuleta inahesabu kwa mia. Dakika 45 ni robo tatu ya saa, kwa hiyo ni 0.75, siyo 0.45. Kilichoniuma zaidi nilipokaa na kulitafakari ni kwamba kosa hili halimpendelei mmoja leo na mwingine kesho. Dakika zozote ukizigawa kwa 100 utapata namba ndogo kuliko ukizigawa kwa 60, kwa hiyo anayepunjwa ni mfanyakazi, kila mara. Usitegemee kwamba mwisho wa mwezi mambo yatajisawazisha yenyewe.

Tangu siku ile nafanya kama yule mama: najumlisha saa upande wake na dakika upande wake, dakika nazigeuza kuwa saa, na zile zinazobaki nazigawa kwa 60 mara moja tu, mwishoni, ndipo nazidisha na kiwango cha malipo. Saa 40 na dakika 10 zinakuwa 40.17.

Ukitumia Excel kuna mtego mwingine. Ukijumlisha muda wa wiki nzima, badala ya 40:10 unaweza kuona 16:10. Programu haijakosea kujumlisha. Inaonyesha saa kama ya ukutani, ikifika 24 inaanza upya. Badilisha muundo wa seli ya jumla uwe [h]:mm na 40:10 itatokea. Halafu usizidishe seli hiyo moja kwa moja na kiwango cha saa, maana kwa Excel siku nzima ni 1, na saa ni sehemu ya siku. Zidisha kwanza kwa 24. Nimewahi kuona mtu anafuta jedwali zima akidhani limeharibika, kumbe kilichokosekana ni hiyo 24.

Zamu za usiku nazo zina lake. Mtu ameingia 22:00 na kutoka 6:00. Ukitoa unapata namba hasi, na seli inajaa alama za ####. Kwa mkono, ongeza 24 kwenye saa ya kutoka: 30 toa 22, saa 8. Na mkubaliane mapema saa inaandikwaje. Mmoja akiandika "saa 2" na mwenzake "8:00", huenda wameingia mlangoni pamoja. Mimi naagiza wote waandike kwa mtindo wa saa 24, na mfano nimeubandika juu ya rejista.

Mapumziko yaandikwe kama yalivyokuwa. Kukata saa nzima kwa kila mtu kwa sababu ratiba inasema hivyo, wakati siku ile watu walikula wamesimama na kurudi kazini, ni kuchukua jasho la mtu.

Kuhusu kukadiria kwenye robo saa, yaani kusogeza muda wa mtu hadi robo saa iliyo karibu, ushauri wangu ni kuacha. Ukikata dakika 7 kila siku kwa siku tano, ni dakika 35. Hesabu ya dakika kamili haichukui muda mrefu zaidi.

Ovataimu inahitaji wiki yenye mwanzo usiobadilika. Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike na usiihamishe kwa sababu kazi zimezidi. Sheria ya mahali ulipo ndiyo inayosema ziada inaanza wapi na inalipwaje, basi isome mwenyewe. Kwa historia tu, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kwa viwanda kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Na kama unatafuta kiwango cha saa kutoka kwenye mshahara wa mwezi, usidhani mwezi ni wiki nne. Gawa wiki 52 kwa miezi 12 upate 4.33, kwa mtu wa saa 40 kwa wiki, mwezi ni saa 173.33, siyo 160.

Rejista yenyewe iandikwe papo hapo, mtu anapoingia na anapotoka. Ikijazwa Ijumaa kwa kukumbuka, kila mtu anakuwa ameingia 8:00 kamili. Kosa lipigwe mstari mmoja, maandishi ya chini yaendelee kusomeka, na wote wawili waweke sahihi pembeni. Wino mweupe nimeuondoa kabisa mezani.

Nilizipitia upya wiki zote za nyuma. Karibu kila jina lilikuwa linadai, na wiki iliyofuata wote walilipwa mapunjo yao, kila mmoja na karatasi inayoonyesha siku kwa siku. Sasa karatasi hiyo inatoka siku moja kabla ya malipo, ili mwenye swali aulize pesa haijatoka. Yule mama hakuacha kijidaftari chake. Kila Alhamisi jioni alikifungua kando ya rejista yangu, tukasomeana mstari kwa mstari.