Hela ya kukarabati mnara wa zamani wa kuangalia moto: anzeni na mwenye mnara

Mkuu umeuliza mnara wenu wa chuma wa kuangalia moto, huo wa enzi za mkoloni kule mlimani, mfadhili mtampata wapi kabla wauza skrapa hawajaumaliza. Nilikuwa mweka hazina wa kamati iliyokarabati mnara kama huo huku Mpwapwa, kwaio nakujibu kwa yale niliyoyaona, jibu refu kidogo vumilia.

Mfadhili mwacheni kwanza. Popote mtakapoenda mtaulizwa mnara ni wa nani, hapo ndo wengi wanakwama. Msitu ukiwa wa serikali kuu mnaongea na TFS (wakala wa serikali wa huduma za misitu), ukiwa wa halmashauri mnaenda kwa mkurugenzi, ukiwa wa kijiji mnahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio na muhuri, bila hiyo karatasi andiko lenu la kuomba hela liwe tamu vipi linawekwa pembeni. Sisi karatasi ilitutesa kuliko hela yenyewe, ofisi hii inakutuma ile, ile inakurudisha hii, unakula nauli tu.

Halafu kuna watu wanakimbilia idara ya Mambo ya Kale wakidhani kitu kikishakuwa cha zamani serikali itakihudumia. Sheria yao ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baada ya hapo mpaka waziri atangaze, na mnara wa chuma wa huku kwetu hauwezi kuwa wa kabla ya 1863 labda kama ulijengwa na majini. Waombeni barua ya kuwaunga mkono, inatosha.

Sasa hela. Kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, ule uliowekwa na sheria ya misitu ya 2002, unatoa ruzuku hata kwa vikundi na vijiji. Ila ukiandika "kukarabati mnara wa kihistoria" umejinyima mwenyewe, andika ulinzi wa msitu dhidi ya moto, mnara uwe kipande kimoja pamoja na mafunzo ya kikosi cha kijiji na kufyeka njia za kuzuia moto. Na wala sio uongo, huku kwetu nyasi zikishakauka mpaka mvua zirudi moto unatoka kwa wanaosafisha mashamba, warina asali, wachoma mkaa na wafugaji wanaotaka majani mapya, mtu akiwa juu anaona moshi mapema, anapiga simu, watu wanatoka na matawi kabla haujapanda mlima.

Wenzetu Marekani walijenga minara hii kwa maelfu, hasa baada ya moto wa 1910 uliokula kama ekari milioni 3 kule Idaho na Montana, baadae ndege zikachukua kazi na mingi ikabomolewa. Kuna iliyopona sababu ilipewa kazi nyingine: huduma yao ya misitu inapangisha baadhi kwa watalii kulala, unabuku mtandaoni, na sheria ya 2004 inataka angalau asilimia 80 ya ada ibaki palepale ilipokusanywa. Hicho ndo kitu cha kuiga, sio kusubiri mzungu. Wana pia chama cha wapenda minara tangu 1990, wanachama wake wanajitolea kukarabati wenyewe.

Sisi kujitolea tulikuandika kwenye daftari, kila aliyepandisha mchanga, maji au mbao alisaini na tukaweka thamani, ikahesabiwa kuwa mchango wa kijiji. Wafadhili wanapenda sana hiyo. Na makadirio msimwachie mkandarasi wa mjini, wa kwetu alitaka kubomoa ajenge upya, tukamwambia asante, tukampandisha fundi wa kuchomelea akagonga engo (vile vyuma vya pembe) moja moja na nyundo, kumbe nyingi kutu ni ya juu juu, zilizooza ni za chini zinapogusa udongo, ngazi, na mbao za sakafu. Gharama ikashuka zaidi ya nusu, na mnara umebaki uleule.

Kinachoua minara ni mwaka wa tatu, wa nne, mfadhili keshapiga picha kaondoka na hela ya rangi hakuna. Wekeni ada ya kupanda kwa wageni na shule, kwa risiti ya kijiji, na mkutano mkuu upitishe kabisa sehemu gani ni ya rangi na bolti, isiguswe hata kama choo cha shule kimebomoka (watakuja kuiomba tu, najua). Vijana wakitaka kutembeza wageni waombe ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, vijana wana 4 yao humo, ila ni mkopo, msiutumbukize kwenye mnara.

Hao wa skrapa wazuieni sasa, msisubiri ruzuku. Wiki hii hii ng'oeni vipande vya chini vya ngazi mvihifadhi ofisi ya mtendaji, nati za miguuni zipigwe welding zisifunguke kwa spana, na mwenye shamba la jirani alipwe kidogo awe anapita jioni. Muhtasari ukipatikana niambie, nikutumie andiko letu ubadilishe majina.