Uso Ulionawiri: Kwa Wanaokwama Kufasiri Furaha

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nafasiri mashairi, lakini nikifika kwenye hisia kila kitu kinageuka 'furaha'. Nifanyeje?" Nitakujibu, ila mnivumilie, maana jibu linapitia Uskoti, ambako Januari hii nimepigiwa makofi na ukumbi mzima.

Kila tarehe 25 Januari Waskoti hufanya karamu ya kumkumbuka mshairi Robert Burns, aliyezaliwa mwaka 1759. Kabla ya kula, mtu husimama akaghani shairi mbele ya haggis, yaani moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na oti na kupikwa ndani ya tumbo lake (Wakenya, mkumbukeni mutura). Burns alilitunga mwaka 1786, na mstari wa kwanza kabisa unausifu uso wa chakula hicho kuwa ni "sonsie". Mimi niliombwa nilighani kwa Kiswahili.

Sasa, mwalimu wangu mmoja wa tafsiri aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba Kiswahili hakina kifua cha kumbeba Burns. "Andika 'uso wa furaha', uendelee." Miaka imepita, bado naisikia sauti yake.

"Sonsie" limetokana na "sonse", nalo asili yake ni Kigaeli, lugha nyingine ya Uskoti, "sonas", yaani furaha au bahati njema. Waskoti walipolipokea wakalishibisha. Mwaka 1286 Mfalme Alexander wa Tatu alikufa usiku karibu na mji wa Kinghorn akiwa safarini juu ya farasi, akaacha mrithi mmoja tu, mjukuu wa kike aliyekuwa bado mtoto mdogo. Shairi la kumlilia, lililohifadhiwa katika historia iliyoandikwa na Andrew of Wyntoun mwanzoni mwa karne ya 15, linasema kwamba baada yake ilitoweka "sons" (ndilo lile lile "sonse") ya bia na mkate, ya divai na nta, ya michezo na shangwe. Hebu ona mpangilio huo: bia na mkate mwanzo, shangwe mwisho! Baadaye neno likahama ghalani likaingia mwilini. Mtu "sonsie" akawa mwenye bahati, mchangamfu, aliyejaa, wa kupendeza machoni. Na "unsonsie" ni mwenye nuksi.

Sisi tunakosa nini hapo? Tunayo neema, ambayo ni shibe na baraka kwa pamoja. Tunacho kitenzi kunawiri. Shangazi akikutazama mlangoni akasema "mwanangu, umenawiri", amekusifia afya, riziki na sura kwa mpigo mmoja. Basi nikaghani: "Heri kwako, uso mnyofu ulionawiri, ewe jemadari wa ukoo wa soseji!" Waliocheka kwanza ni Waskoti wenyewe, kabla hata sijawafafanulia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiulize neno lina maana gani. Uliza wenye neno walikuwa wanakosa nini walipolitamka. Uliza walikula nini. Kisha rudi nyumbani, usikilize shangazi zako. Na acheni, ndugu zangu, kuiombea radhi lugha yenu mbele ya watu ambao hata hawajaijua!

Ukitaka mazoezi, chukua "seil", neno jingine la Kiskoti la heri na furaha. Ndugu yake wa Kiingereza, "silly", alianza akimaanisha "aliyebarikiwa", akaishia kumaanisha "mpuuzi". Nitumie utakachopata, maana karamu ijayo nimeshaalikwa.