RPG za kizamani: zile sheria zinazoonekana zinaboa ndo gemu yenyewe

Naona watu wengi wanarudi kwenye RPG za kizamani (gemu za kuigiza wahusika), zile za dadu, penseli na karatasi, refa, yaani anayeendesha gemu, kaificha ramani yake na wachezaji wanamwambia wahusika wao wanafanya nini. Kila nikiulizwa "nianzie wapi" jibu langu ni lilelile, anzia kitabu chochote ila usikate sheria. Maana unakuta mtu kapakua PDF ya bure, kapitisha macho harakaharaka, kaona kuna habari za kuhesabu mienge, uzito wa mzigo, kurusha dadu kujua goblini (kijitu kikorofi cha kubuni) kachukia au hajachukia, anasema aah hizi tunaruka bana, tubaki na mapigano. Baadaye analalamika wahusika wanakufa ovyo na gemu haina ladha. Sasa ladha itoke wapi na umeshaitupa?

Historia kidogo ili tuelewane. Dungeons & Dragons ilitoka 1974 kule Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vitatu ndani ya boksi, na mara ya kwanza zilichapwa kopi 1000 tu. Hawa jamaa walitokea kwenye gemu za vita za mezani, ndo maana utakuta sheria nyingi za akiba, mwendo, na askari kuishiwa moyo wa kupigana. Hazikuwekwa kujaza kurasa. Na toleo ambalo watu wengi leo wakisema "kizamani" ndo wanalolikusudia ni la 1981, lile alilolihariri Tom Moldvay, kwahiyo mifano yangu mingi natoa humo.

Tuanze na dhahabu maana hapa ndo watu wanapotelea. Chukua mpiganaji wa levo ya 1. Kufika levo ya 2 anahitaji XP (pointi za uzoefu) 2000. Goblini mmoja ukimuua anakupa XP 5. Piga hesabu mwenyewe, hao ni goblini 400, na hapo tumechukulia uko peke yako, maana XP zinagawanywa kwa kundi zima, halafu wewe mwenyewe pointi zako za uhai ni dadu moja ya pande 8 na zikifika sifuri umekufa, hakuna kubembelezana. Lakini kila sarafu 1 ya dhahabu utakayofanikiwa kuitoa nje ya handaki, lile pango la hatari mnamotafuta hazina, ni XP 1. Yaani mkufu wa thamani ya sarafu 1000 uliofichwa nyuma ya ukuta ni sawa na goblini 200, na mkufu haurudishi kipigo.

Wachezaji wakishaielewa hiyo hesabu wanabadilika wenyewe bila refa kuwahubiria. Mezani kwetu kuna kundi walikalia karibu kikao kizima wanapanga namna ya kuwatoa goblini kwenye chumba chenye sanduku, mmoja akapeleka kelele upande wa pili wa handaki, wengine wakamwaga mafuta kwenye korido ili wakirudi wateleze, wakaingia, wakabeba sanduku, wakatoka, upanga haujachomolewa hata mmoja na levo wakapanda. Ukiitoa sheria ya dhahabu ukaweka XP za kuua tu, kundi hilohilo litavunja mlango na kufia mlangoni, na usiwalaumu kwasababu wewe ndo umewaambia kinacholipa ni kuua.

Ya pili ni dadu ya kujua kiumbe kakupokeaje. Mnakutana na kitu na nia yake haijulikani, refa anarusha dadu mbili za pande 6 anajumlisha. Ikitoka 2 kinashambulia hapohapo, 3 mpaka 5 kina uadui na kinaweza kushambulia, 6 mpaka 8 hakijaamua, 9 mpaka 11 hakishambulii, ikitoka 12 ni urafiki wa ghafla. Angalia uwezekano wake: shambulio la papo kwa papo ni 1 kati ya 36, na ukichanganya na wale wenye uadui unapata 10 kati ya 36. Wale wasiojaamua wako 16 kati ya 36, ndo kundi kubwa kuliko yote. Kwa maana hiyo viumbe vingi vya humo handakini vinasubiri kuona nyie mtafanya nini, mtaongea, mtatoa chakula, mtarudi nyuma polepole au mtajifanya nyie ndo wenye eneo. Refa anayeruka hii dadu anafanya kila chumba kiwe ugomvi, halafu anasema gemu za kizamani ni katili. Ukatili kaleta yeye.

Halafu kuna moyo wa kupigana. Kitabu cha 1981 kimeandika kabisa kwamba hii sheria ni ya hiari, na hapo mimi nabishana na kitabu. Kila kiumbe kina namba yake, goblini wa kawaida ni 7, mifupa inayotembea ni 12. Mwenzao wa kwanza akianguka unarusha dadu mbili, nusu yao wakishaanguka unarusha tena, ikizidi ile namba wanakimbia au wanajisalimisha. Kwa goblini hiyo ni nafasi 15 kati ya 36 kila unaporusha, sio ndogo hata kidogo. Mapigano yanakuwa mafupi, na unapata mateka, na mateka ana mdomo, anajua mtego uko wapi. Mifupa wao kwa hiyo 12 hawakimbii kamwe, na wachezaji wakiona hilo mara ya kwanza nywele zinasimama, wewe refa huna haja ya kutoa maelezo marefu ya kutisha.

Mwanga na muda sitavirefusha. Zamu moja ya uchunguzi ni dakika 10, mwenge unawaka zamu 6, kandili zamu 24 kwa chupa moja ya mafuta, na kila baada ya zamu 2 unarusha dadu ya pande 6, ikitoka 1 kuna kitu kinakuja. Chora visanduku 6 kwenye karatasi, kila zamu weka alama, vikiisha mwenge umekufa. Basi. Anayesema ni kazi kubwa hajajaribu.

Sasa vitabu. Hiki ni kipindi kizuri cha kuanza maana mambo yalichemka Januari 2023 pale Wizards of the Coast, wenye D&D kwa sasa, walipotaka kubadilisha ile leseni huria ya tangu 2000, iliyoruhusu wengine kutumia sheria zao, ambayo wachapishaji wengi wadogo walikuwa wameiegemea. Watu walikuja juu kwelikweli, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma na kuziweka sheria za msingi za toleo la 5 la gemu hiyo chini ya leseni ya Creative Commons. Ila imani ilishaondoka, na baadhi ya wachapishaji wa gemu za kizamani wakaamua kuhama kabisa. Basic Fantasy, gemu ya Chris Gonnerman, ilitoa toleo lake la 4 ikiwa imeachana na leseni ya zamani, na PDF zake ni za bure, kitabu cha sheria pamoja na mikasa (safari zilizotungwa tayari za kuchezwa) kibao. Kwa mtu asiyetaka kutoa hela hiyo ndo namba moja kwangu. Unachagua asili ya mhusika (kama binadamu au mbilikimo) na kazi yake (kama mpiganaji au mchawi) kila kimoja kivyake, jambo ambalo sheria za 1981 hazikuruhusu.

Ukitaka zile za 1981 zenyewe zikiwa zimepangwa vizuri chukua Old-School Essentials ya Gavin Norman, ilitoka 2019 na sheria zake za msingi zipo bure. Mpangilio wake ni mtamu mno, unachotafuta kipo palepale unapofungua, ila haikufundishi kucheza, inakuchukulia unajua tayari. Cairn ya Yochai Gal nayo ni bure na ni fupi sana, haina kazi za wahusika, na ukipiga humkosi adui, unarusha dadu ya madhara tu. Nawapa watu wanaoogopa vitabu vinene. Shadowdark ya Kelsey Dionne ilichukua tuzo za ENNIE, za gemu za mezani, mwaka 2024, na humo mwenge unawaka saa 1 ya kweli, ya saa ya ukutani! Wachezaji wakianza kubishana ovyo unawaonyesha saa tu wananyamaza. Kwa vijana waliozoea toleo la 5 hii ndo daraja zuri, sheria za msingi zinafanana.

Mkasa wa kwanza nashauri Tomb of the Serpent Kings, upo bure tangu 2017, umeandikwa makusudi kufundisha, kila chumba kina somo lake na unamweleza refa somo lenyewe ni lipi. Refa uusome wote kabla, usisome mezani huku watu wanasubiri.

Dadu zirushe hadharani, hasa ile ya moyo wa kupigana, wachezaji wanapenda kuiona ikidondoka. Na mhusika akifa usimwache mchezaji anakodolea simu kikao kizima. Mpe karatasi nyingine hapohapo, arushe dadu tatu mara 6 kupata namba za sifa zake kwa mpangilio, historia ya mhusika sentensi moja inatosha, halafu mweke awe mateka aliyefungwa chumba kinachofuata.