Maswali na Majibu: Utumishi Usioonekana

Kila Jumamosi mimi hufagia na kupiga deki kanisani. Jumapili, wakati wa matangazo, kwaya hushukuriwa na wafadhili hutajwa kwa majina, lakini mimi sijatajwa hata mara moja kwa miaka sita. Je, ni dhambi kuumia?

Kuumia si dhambi, mama, na wazee wa kanisa waliopitisha miaka sita bila kukupa ahsante wana deni kwako. Tumezoea kumhubiria mwenye ufagio habari za mkono wa kushoto usiojua ufanyalo mkono wa kuume, huku aliyechangia viti akiandikwa jina lake migongoni mwa viti hivyo. Hata hivyo, deni lao lisikuharibie kazi. Katika karne ya 17, bruda mmoja wa Paris, mtawa wa shirika la Wakarmeli aliyeitwa Ndugu Lawrence wa Ufufuko, alipangiwa jiko la monasteri, kazi ambayo kwa maumbile yake hakuipenda hata kidogo. Akaifanya kwa miaka mingi, akisema kwamba hata kugeuza mayai kikaangoni alikufanya kwa kumpenda Mungu. Wewe nawe, unapokwangua nta ya mshumaa iliyogandia chini ya benchi la nyuma, mahali ambapo mwinjilisti mwenyewe hapaangalii, umo katika ibada ileile.

Usharikani kwetu mazao yanayotolewa huuzwa kwa mnada baada ya ibada. Mume wangu husema kuku aliyedhoofu anatosha, kwa kuwa atapata mnunuzi tu. Nimjibu nini?

Msomee Malaki 1:8, ambapo nabii anawauliza wanaoleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema kama wangethubutu kumpelekea liwali wao, yaani mtawala wao, mnyama wa namna hiyo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilichagua neno hilo vizuri, kwa maana watu wa pwani walimjua liwali, na hakuna aliyebisha hodi kwake na jogoo mwenye mdondo. Daudi naye alipopewa bure uwanja wa kupuria wa Arauna, pamoja na ng'ombe, alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Lakini mumeo asidhani kwamba kilicho bora ni kilicho kikubwa: mjane wa hekaluni alitoa senti mbili tu. Kama nyumbani mna mayai matano, pelekeni hayo matano, mradi yasiwe viza.

Tukitembelea wagonjwa, kiongozi wetu hupiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, akisema zinahamasisha wengine. Je, ni sawa?

Mgonjwa mwenye dripu mkononi hakuombwa ruhusa, na hilo peke yake linatosha kuweka simu mfukoni.

Namuuguza mama mkwe aliyepooza. Sijafika ibadani tangu Pasaka, na wenzangu wa umoja wa wanawake wanasema nimepoa kiroho.

Hujapoa, binti yangu. Mtu anayeamka usiku kila baada ya saa mbili kumgeuza mgonjwa ubavu ili asipate vidonda vya kulala, akamfuta kwa maji ya uvuguvugu na kumbadilishia shuka kabla hajaona aibu, anampa Mungu usingizi wake, nao ni kitu cha thamani kuliko vingi tunavyotia katika kapu la sadaka. Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane hawakumweleza Petro alihudhuria vikao vingapi. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Hata hivyo sikushauri ubebe mzigo huu peke yako, kwa sababu mwuguzaji aliyechoka sana huanza kumfokea mgonjwa, na ushirika na wenzako wauhitaji pia. Mwombe mchungaji awaletee Chakula cha Bwana nyumbani. Kisha waandikie wale wanaosema umepoa, kwa upole, uwaombe washike zamu Jumapili moja moja ili uweze kwenda ibadani. Atakayefika wa kwanza, mwonyeshe beseni lilipo.