Mjomba, Texas ya Don Williams Sijaiona

Mjomba, umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama huku Texas watu wanaishi vile Don Williams, yule mwimbaji wa kantri, alivyoimba, na katika albamu zake nikutumie za studio au zilizorekodiwa jukwaani. Halafu mwisho kabisa ukachomeka la tatu, kwamba kitinda mimba wako anataka kuja. Nitajibu yote, ila usinikasirikie.

Don Williams ni wa hapa kweli. Alizaliwa mwaka 1939 Floydada, mji mdogo kwenye nyanda za kaskazini-magharibi wanakolima pamba na maboga, akakulia Portland ya hapahapa Texas, karibu na bahari. Lakini mtaje kwa vijana ninaofanya nao kazi uone watakavyokutumbulia macho. Redio za kantri za huku hupiga vijana wenye magitaa ya kelele. Wanaomjua ni wazee ninaowaogesha na kuwalisha usiku kucha. Mzee mmoja alinisikia nikiimba kidogokidogo nikibadilisha shuka, akauliza sisi tumemjulia wapi. Nikamwambia Nakuru ni vigumu kumaliza nyama choma Jumapili bila kumsikia. Akadhani namtania.

Sasa albamu. Za studio anza na Expressions ya 1978, hata kama kanda yake unayo tangu enzi za maduka ya River Road, Nairobi. Kila kitu kimepimwa humo: gitaa linasema kidogo linanyamaza, ngoma haigombani na mtu, ile sauti nzito inakaa mbele. Humo ndimo umo Tulsa Time, uliotungwa na Danny Flowers, mpiga gitaa wa bendi yake. Mjomba, wimbo huo tumeucheza harusi ngapi? Na umewahi kusikiliza unasema nini? Ni mtu aliyeondoka Tulsa akaenda California kutafuta umaarufu wa filamu na nyimbo, hakuna aliyemtaka, akaona heri arudi alikotoka. Sisi tunaurukia kwa vifijo! Huo mdundo wa furaha ndio unaotudanganya.

Tofauti ya yule bwana na sisi wa huku ni kwamba yeye alikuwa na gari na barabara ya kumrudisha. Ninawajua watu ambao hawakuwazika wazazi wao kwa sababu ya karatasi, maana wakitoka kuingia tena hakuna. Huko nyumbani picha wanazotuma ni za magari. Hilo gari ni la mkopo, na bila gari Texas hufiki hata dukani.

Nyingine ya studio ni Portrait, ya 1979, na kwangu mimi ndiyo inayouma zaidi kwa sababu ya wimbo mmoja, Good Ole Boys Like Me, wa mtunzi Bob McDill. Ni mtoto wa Kusini mwa Marekani anayemkumbuka babake mwenye Biblia na harufu ya pombe, na rafiki wa mtaani aliyejimaliza kwa ulevi. Yeye akaponea kwa kujifunza kuongea kama msomaji wa habari wa televisheni. Mimi kazini nina sauti yangu ya simu, mjomba, ambayo ungeisikia ungeuliza huyo Mzungu ni nani. Nikirudi nyumbani asubuhi nawapigia simu ili niongee kwa mdomo wangu. Mkiona nimepiga saa za ajabu, si kwamba kuna neno.

Albamu za katikati ya miaka ya 80 zipite. New Moves ya 1986 ina nyimbo zilizofanya vizuri sokoni, lakini mitambo ya enzi ile imemvalisha nguo isiyo yake. Tena nisikufiche: ukipiga albamu zake tatu mfululizo utasinzia. Mwendo ni uleule, mapenzi ni yaleyale. And So It Goes ya 2012 ndiyo ya uzeeni ninayoipenda. Alikuwa ametangaza kustaafu mwaka 2006 akarudi, na humo amewaita Alison Krauss, Keith Urban na Vince Gill, lakini hakuna anayemfunika.

Za jukwaani ndizo tutakazobishania. Anayetafuta vituko asizinunue. Don Williams jukwaani alikuwa mtu wa kofia na kigoda, anaimba karibu vilevile alivyoimba studio, haongezi manjonjo, haongei sana. Kwa muziki peke yake, studio inashinda. Isipokuwa Into Africa, iliyorekodiwa Harare mwaka 1997. Pale umati ndio unaobadilisha kila kitu. Watu wanaimba naye beti nzima, na wanaziimba kwa matamshi yetu, zile irabu zetu zilizo wazi. Mimi nakaa Texas, nchi yake mwenyewe, lakini ninaposikia rekodi ya Zimbabwe ndipo naona niko na watu wangu. Hiyo ndiyo niliyo nayo kwenye gari.

Ile ya Ireland iliyotoka 2016, mwaka aliostaafu moja kwa moja, ni ya kuaga. Sauti imeshuka kidogo, haijavunjika. Alifariki Septemba 2017 akiwa na miaka 78. Isikilize mara moja, kisha urudi Harare.

Kuhusu kijana. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Kazi yetu ya kutunza wazee inalipa zaidi ya hapo, lakini kodi ya nyumba, bima na hilo gari vinakula kwanza, mimi nafuata, ninyi mnafuata. Siwezi kumwambia asije, maana mimi mwenyewe sijarudi, na karo za ndugu zake zimetoka kwenye zamu hizi. Aje na visa halali na cheti cha kazi ya mikono au ya uuguzi. Akisema anakuja kuona kwanza mambo yatakuwaje, mwambie akae. Kama ni kantri tu anayoitaka, aende na mamake wakamsikilize Sir Elvis, yule Mkenya anayeimba kantri, hapo Nairobi. Bendi kama hiyo mimi huku sina nafasi ya kwenda kuitazama.

Disemba kuna mtu anakuja huko, nitampa CD za Expressions, Portrait na Into Africa. Ya Ireland ina diski ya video pia, lakini DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia: za Marekani ni za eneo namba 1 na mashine za huko Kenya ni namba 5, kwa hiyo uliza kwanza kama yako inakubali zote kabla sijalipia.